Mkate Uliokwisha Kumegwa

Katika nyumba ambayo tanuri lake halikuwashwa kwa miaka kumi na tisa, palikuwa na harufu ya mkate uliotoka motoni sasa hivi. Ha Guozhen aliisikia kabla hajavuka kizingiti. Akatoa daftari lake jeusi, akaandika: "Harufu nzuri. Alama tano." Hakujiuliza ilitoka wapi. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amelipwa ili atoe alama, si ili ajiulize.

Dalali aliyewaleta, kijana wa ukoo wa Jia, alibaki nje ya lango.

"Mzee Ha," alisema, "wenyeji wa hapa tukiingia nyumba tupu hubisha hodi kwanza, kisha tunatoa salamu. Ni adabu tu."

"Nimbishie nani? Panya?"

"Mimi nimekwambia."

"Na mimi nimesikia." Ha Guozhen akaingia na viatu vyake vya safari, akapita katikati ya ua. Mkewe, Bai Xiulan, ambaye jina lake la dini lilikuwa Zuleha, alinong'ona salamu nyuma yake, lakini alinong'ona kwa kuogopa kusikiwa na mumewe, na salamu ya namna hiyo haifiki mbali. Binti yao, Ha Suwen, jina la dini Safia, alikuwa amebeba mizigo mitatu na hakusikia lolote.

Inafaa kueleza jinsi walivyofika kwenye nyumba hiyo, kwa sababu hakuna aliyewalazimisha.

Walikuwa wametoka Lanzhou kwa treni ili Suwen achumbiwe na kijana wa Xi'an, Mi Junjie, aliyesoma naye chuo cha ualimu. Wawili hao walikuwa wamekwisha kupendana na kupatana. Lililobaki ni wazazi kunywa pamoja chai ya makubaliano siku ya Jumapili, na mama wa kijana, Sha Yulan, kuridhika. Suwen alikuwa na miaka ishirini na minne na hakutaka kitu kingine duniani.

Kaka yake Xiulan, Bai Yongfu, aliwapokea stesheni akiwa bado amevaa aproni yake. Yongfu alikuwa na mgahawa wa supu ya kondoo nyuma ya Mnara wa Ngoma, na familia yake iliishi juu ya jiko. Alikuwa amewahamisha watoto wake wawili sebuleni ili shemeji apate chumba.

Ha Guozhen alipanda ngazi, akanusa mto wa kitanda, akashuka. "Kondoo amelala hapa kabla yangu," alisema. Akaandika: thelathini na moja kwa mia.

"Shemeji, kondoo wangu hulala kwenye sufuria," Yongfu alijibu. Watu waliokuwa wakila walicheka, na hilo lilimwongezea mkaguzi hasira.

Nyumba ya wageni ya akina mama wa msikitini, mashuka meupe, maji ya moto ya kutawadhia wakati wote, ilipata arobaini na nne, kwa kuwa mwenye nyumba alimwita "babu". Hoteli ya ghorofa iliyo karibu na Lango la Kusini ilipata thelathini na nane kwa sababu ya zulia. "Familia ya Mi ni watu wa mjini," alimwambia mkewe njiani. "Unataka waje kutukuta juu ya sufuria ya kaka yako? Watasema Ha Guozhen ametoka kijijini."

"Lakini tumetoka mbali kweli, Baba Suwen. Hiyo si aibu."

"Wewe utajua nini kuhusu aibu? Umezoea."

Ndipo walipofika Uchochoro wa Mierebi, kwenye nyumba ya ua wa mawe, yenye lango lililochongwa makomamanga na vyumba pande tatu. Hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuipanga. Ha Guozhen aliipa tisini na mbili.

Jioni ya kwanza, baada ya swala ya isha, Suwen alisikia sauti uani. Tk, tk, tk. Ilikuwa ndogo na ya haraka, kama mtu anayekata kucha zake na ana kucha nyingi mno. Alipofungua mlango, sauti ilikoma. Alipoufunga, iliendelea.

Asubuhi, juu ya meza ya mawe, palikuwa na bakuli la bluu na nyeupe, na ndani yake mkate uliokwisha kumegwa.

Mtu asiyekaa Xi'an hawezi kujua uzito wa jambo hili. Mkate wa supu ya kondoo ni mgumu kama kigae, na mlaji humega wake mwenyewe, kwa vidole, taratibu, huku akizungumza. Kisha bakuli lake hupelekwa jikoni likiwa na namba yake, mpishi akalitazama. Chembe zikiwa ndogo kama kichwa cha nyuki, mpishi anajua aliyemega ni mtoto wa mjini, naye atampikia kwa heshima. Vipande vikiwa kama maharage, anajua ni mgeni, atamwagia supu na kugeukia bakuli jingine. Namba huwekwa ili mtu asije akala mkate uliomegwa na mkono mwingine. Jambo hilo halifanywi.

Chembe za bakuli lile zilikuwa ndogo kuliko kichwa cha nyuki. Zote zililingana.

"Nani amemega?" Suwen aliuliza.

"Mtunza nyumba, bila shaka," alisema baba yake. "Hiyo ndiyo huduma. Ingekuwa kwa mjomba wako, ungeambiwa ukaoshe vyombo."

"Baba, dalali alisema hakuna mtunza nyumba."

"Na wewe unamwamini dalali?"

Alilibeba bakuli mwenyewe hadi kwa Yongfu, akaliweka mbele yake kama mtu anayeonyesha cheti. "Pika. Uone watu wanavyofanya kazi."

Yongfu alikuwa amesoma mikono ya watu katika mabakuli kwa miaka ishirini na saba. Alijua nani ana baridi yabisi, nani amegombana na mkewe, nani hutumia mkono wa kushoto. Alichota chembe kidogo kiganjani, akazipeleka dirishani. Akazinusa. Kisha akazirudisha moja moja, akanawa mikono mara tatu.

"Sipiki hiki."

"Kwa nini? Kimekushinda?"

"Shemeji, mkono wa mtu huacha kitu. Jasho, mafuta, alama ya ukucha. Mkate ukimegwa, upande mmoja hubonyea kidogo, kwa sababu kidole kina nyama." Akashusha sauti. "Hizi hazina upande uliobonyea. Mkate huu haukuguswa na nyama. Hameni leo. Chumba chenu bado kipo."

"Chumba cha kondoo?"

"Chumba cha kondoo. Niite mshenzi, nitaitika. Lakini mhamishe mwanangu Suwen."

Ha Guozhen alicheka hadi akalazimika kuketi. "Mtu wa sufuria," alimwambia mkewe, "amesoma hadi darasa la nne, sasa anakagua mkate!" Akalichukua bakuli, akalipeleka mgahawa wa mtaa wa pili, kwa mpishi mgeni asiyetazama mabakuli, akala hadi chembe ya mwisho. Akasema hajawahi kula chakula kitamu kama kile. Akalirudisha bakuli juu ya meza ya mawe bila kuliosha.

Basi likaja suala la Jumapili. Sha Yulan alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mama mkwe wake: kutompokea mke wa mwanawe kabla ya kuona bakuli lake. Suwen alilijua hilo, na kwa majuma mawili alikuwa amejifunza kumega. Vipande vyake vilikuwa kama maharage. Siku nyingine, akiwa na bahati, kama choroko.

"Nitamwambia ukweli," alimwambia mama yake. "Junjie anasema mama yake ni mkali, lakini anapenda mtu asiyejifanya."

"Utanitia aibu kwa maharage yako," alisema baba yake kutoka chumba cha pili.

"Baba, kwani mimi nimepata alama ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Basi nimewashinda kondoo wa mjomba."

Ha Guozhen hakucheka. Alfajiri ya Jumapili alitoka uani kutawadha, akakuta mabakuli saba yamepangwa mezani, yote yamejaa mkate uliomegwa. Alihesabu wageni kichwani: Sha Yulan na mwanawe, wao watatu, na Yongfu ambaye angeleta supu. Sita. "Huduma imezidisha," alijisemea, akayafunika kwa kitambaa. Hakumwambia mtu. Dirisha la chumba cha kaskazini, ambacho kilikuwa kitupu, lilikuwa na ukungu upande wa ndani, kama mahali mtu alipoegemeza uso na kupumua. Alilipunguzia alama mbili kwa kutofutwa.

Wageni walikuja baada ya adhuhuri. Sha Yulan alikuwa mwanamke mfupi mwenye ushungi wa kijivu. Alisimama langoni, akabisha hodi mara tatu, akatoa salamu kwa sauti, akangoja kidogo kana kwamba anasikiliza jibu, ndipo akaingia. Nyuma yake alikuwa Mi Junjie, na nyuma ya Junjie alikuwa Ahong Ding, imamu wa msikiti wao, aliyeombwa asubuhi ile ile awe shahidi. Wageni na wenyeji wakawa saba.

"Nyumba kubwa," Sha Yulan alisema, huku akitazama mapaa. "Mbona mmekuja kukaa huku, na kaka mtu yuko mjini?"

"Tulitaka mahali panapowafaa, mkwe."

"Sisi panatufaa popote penye supu."

Yongfu alikuwa amekwisha kuweka sufuria juu ya moto wa makaa katika pembe ya ua. Suwen alifungua kikapu atoe mikate mizima, lakini baba yake alimtangulia, akaondoa kitambaa mezani.

Yongfu aliyatazama mabakuli saba. Upawa ulibaki hewani.

Sha Yulan aliinama juu ya bakuli la kwanza, akavaa miwani, akazitazama chembe moja moja. "Hata mama mkwe wangu," alisema mwishowe, "hakuwahi kumega hivi. Kazi ya nani hii?"

"Baba, usi..." Suwen alianza.

"Ya binti yangu," alisema Ha Guozhen, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaja majina kwa ukamilifu, aliongeza: "Ha Suwen, kwa jina la dini Safia, binti wa Ha Guozhen, kwa jina la dini Yakubu. Andika hivyo, Ahong."

Harufu ya mkate ilijaa uani ghafla, nzito, hadi harufu ya kondoo ikafa kabisa.

"Si mimi niliyemega," Suwen alisema.

"Ni haya za msichana," alisema baba yake.

Sha Yulan alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alichukua mkate mmoja mzima kikapuni, akamwekea Suwen kiganjani. "Haya, mwanangu. Mega huu mmoja mbele yetu. Ukiwa maharage, utakuwa maharage."

Suwen alitabasamu kwa nafuu, akaushika mkate.

Tk, tk, tk.

Vidole vyake vilianza kabla yeye hajaanza, naye akavitazama kama mtu anavyotazama vidole vya jirani yake garini, vikienda haraka kuliko cherehani, na chembe zikamiminika bakulini, ndogo, zinazolingana, mkate ukaisha, vidole vikaingia kikapuni vyenyewe na kuutoa wa pili, na wa tatu, huku Suwen akisema, "Mama, sivizuii, Mama, siwezi kuvizuia," na mikate ilipokwisha vikachukua kitambaa cha meza na kukimega kama mkate, kisha daftari jeusi lililokuwa kando ya mkono wa baba yake, kurasa za miaka yote, shule zote na walimu wote waliopewa alama, vikalimega hadi likawa rundo la chembe nyeupe na nyeusi, na hapakuwa tena na kitu mezani, basi vikapanda kwenye shungi lake la nywele.

Junjie alimshika mikono. Alitupwa kama mtoto.

Ahong Ding alisimama, akasoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyotulia. Vidole vikapungua kasi. Alipomaliza, kinywa cha Suwen kilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, kavu, isiyo na haraka.

"Amina," ilisema. "Soma tena, Ahong, unasoma vizuri. Mimi pia ni Mwislamu. Sina ugomvi na Kitabu. Nina ugomvi na huyu mkaguzi."

Xiulan alianguka magotini. Ahong Ding aliuliza kwa heshima, "Amekukosea nini, mwenye nyumba?"

"Ameingia kwangu bila hodi. Hilo nilimsamehe, kwani nilimwona hana akili. Nikammegea mkate, kama mtu anavyomtupia mbwa wa mgeni. Akala, hakuosha bakuli. Hilo pia. Leo amechukua kazi ya mikono yangu, kazi niliyoifanya tangu ukuta wa mji huu haujajengwa, akaiandika kwa jina la mwingine. Akalitaja jina hilo mara mbili, la dunia na la dini. Vizuri. Ikiwa mikono hii ni ya Ha Suwen, basi mikono ya Ha Suwen ni hii. Naichukua."

Nywele zilianguka katika vipande vidogo kuliko punje ya ufuta. Vidole vya mkono wa kulia viligeukia kucha za mkono wa kushoto.

"Sema ukweli, mzee," Ahong alimwambia Ha Guozhen kwa sauti ya chini. "Mrudishie kazi yake. Sema mbele yetu. Ni hilo tu analotaka."

Ha Guozhen aliwatazama wote. Alimtazama Sha Yulan, mama mkwe wa mjini. Alimtazama Yongfu mwenye aproni. Mtu angedhani kwamba baba anayesikia kucha za mwanawe zikimeguka hahitaji kufikiri. Yeye alifikiri. Akakohoa, akanyoosha kola.

"Katika maandalizi," alisema, "inawezekana palitokea dosari ndogo."

Sauti ile ilicheka. "Dosari! Msikilizeni. Nimeishi na panya wenye haya kuliko huyu."

Damu ya kwanza ilidondoka juu ya meza ya mawe. "Baba," alisema Suwen, safari hii kwa sauti yake mwenyewe.

"Guozhen!" Xiulan alipiga kelele. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. "Sema, wewe! Nani alimega?"

"Sijui!" alilia mkaguzi. "Sijui nani! Niliyakuta mezani! Mwanangu anamega kama maharage! Nilidanganya, nilitaka mtuone watu, nilidanganya. Si kazi yake. Ni yake mwenye nyumba."

Vidole vilisimama.

Uani ilisikika supu tu ikitokota. Kisha wote saba walisikia, kutoka upande wa ndani wa lango, mtu akibisha mara tatu, taratibu, kama anayeomba ruhusa ya kutoka.

"Nenda kwa salama," alisema Ahong Ding.

Komeo lilijiinua lenyewe. Lango likafunguka, likafungwa polepole, bila kubamizwa. Yeyote aliyetoka alikuwa na adabu zake.

Walihama saa ile ile. Juu ya jiko la Yongfu, Sha Yulan mwenyewe alimfunga Suwen vidole kwa kitambaa safi, akamwomba amege kipande kimoja tu, cha mwisho, kwa mkono mzima. Suwen alimega. Kilikuwa kikubwa kama harage.

"Kibaya kabisa," Sha Yulan alisema. "Lakini ni chako. Junjie, leta chai." Kisha akamnong'oneza Xiulan, "Binti namchukua leo. Mumeo, akija kututembelea, mtafutieni hoteli."

Ha Guozhen alikuwa amebaki nyuma akilipa mchukuzi. Alipofika kwenye mlango wa mgahawa, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alibisha hodi.

"Nani?" sauti iliuliza ndani.

"Ha Guozhen. Yakubu. Mkaguzi wa shule, mstaafu."

"Alama ngapi?"

Mkono wake uliingia mfukoni kutafuta daftari.

"Basi subiri hapo," ilisema sauti ile kavu. "Tunakukagua."

Yongfu alimkuta amesimama barazani baada ya saa nzima, kofia mkononi. "Shemeji, mlango uko wazi! Ingia, supu inapoa. Unamngoja nani?" Ndani hapakuwa na mtu aliyekuwa amemsemesha.

Xiulan alimrudisha mumewe Lanzhou siku ya Jumanne. Nyumba yao iko ghorofa ya tatu, na mlango huachwa wazi mchana kutwa, hata theluji inapoanguka, kwa sababu ukifungwa ni lazima abishe, na akibisha hujibiwa. Haijasaidia. Hupanda ngazi na kikapu cha mboga, husimama mbele ya kizingiti chake mwenyewe, na mkewe akimwita kutoka jikoni apite, yeye huinua kidole amnyamazishe.

"Polepole, Mama Suwen," hunong'ona, kama mwanafunzi aliyechelewa shule. "Bado hawajamaliza."